Siku mama mkwe alipoongea na jeep: safari yangu ya Kolwezi hadi Musumba na gari la marehemu

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Mimi ni mwenzenu wa Kolwezi, Kongo. Haya ninayoandika yamenikuta mwenyewe, na mke wangu Clarisse yuko hapa pembeni anasoma kila mstari. Hata nikitaka kuongeza chumvi sitaweza, atanipokonya simu.

Kabla hamjauliza, hili neno "wakuu" nimejifunza kwa madereva wa malori wanaotoka Tanzania. Kazi yangu ni karatasi za malori ya madini. Dereva akikaa siku nne anasubiri mhuri, anakufundisha Kiswahili chake chote, matusi yakiwemo.

Hiyo ndiyo kazi ya kula. Kazi ya moyo ni kutengeneza jeep.

Huku kwetu gari lolote la kupanda milima ni jeep, liwe limetoka kiwanda gani. Sijasomea ufundi. Nimejifunza kwa kufungua, kuharibu, kufunga, na kubaki na boliti tatu mkononi nisizojua zimetoka wapi. Kila Jumamosi lupango langu pale Manika, yaani uwanja wa nyumbani, linageuka gereji. Majirani wanakuja na viti vyao. Hakuna anayeshika spana, ila ushauri wanatoa mpaka jua linazama.

Sasa sikilizeni.

Baba mkwe wangu alifariki akaacha Land Cruiser ya zamani, ya dizeli, ile ya uso wa mraba. Miaka mingi aliitumia kubeba watu na mizigo kwenda bara, barabara ambazo hata mbuzi anafikiria mara mbili. Alipokufa, ikaegeshwa kwenye lupango la mama mkwe. Miaka mitatu. Kuku wakaingia, wakaona siti ya nyuma inafaa kutagia.

Hakuna aliyeigusa. Mpaka ilipofika sauti kutoka Musumba.

Musumba ni kwao mama mkwe, kule Kapanga, mbali kweli. Dada yake mkubwa, wa pekee aliyebaki, anaishi huko. Hawakuwa wameonana miaka kumi na moja. Mpwa wao akatuma ujumbe wa sauti kwa simu. Bibi alikuwa anasema macho yanamwisha, kwamba sasa anaona watu kama wamesimama ndani ya moshi. Akamalizia hivi:

"Mudogo yangu akuje nimuone sura. Kisha hapo, hata giza ikuje, haina mambo."

Clarisse alilia. Mama mkwe hakulia. Alisikiliza mara mbili, akarudisha simu, akaendelea kupepeta unga wake wa muhogo, ule anaouza sokoni.

Tatizo likawa usafiri. Mama ana nyonga mbovu. Pikipiki siku mbili hawezi, na juu ya lori hapandi. Ndege ni ya wenye ndege. Kilichobaki ni jeep ya marehemu.

Na mimi, wakuu, nikajipiga kifua mbele ya ukoo mzima. Nikasema, "Mutanipatia wiki tatu."

Hapa nisimame kidogo niwaeleze jambo, bila hilo hamtaelewa yaliyofuata.

Kwetu, mwanaume na mama mkwe wake wana heshima kali. Hatushikani mikono. Hatuli pamoja. Hatuangaliani usoni. Na kwa familia za kizamani kama hii yangu, hatusemezani moja kwa moja, lazima awepo mtu wa katikati. Nina miaka tisa ya ndoa. Katika miaka hiyo tisa nilikuwa sijawahi kuongea na mama mkwe sentensi moja. Kila kitu kinapitia kwa Clarisse. Mama akitaka kunisalimia, anamwambia Clarisse anisalimie, hata kama nimekaa mita mbili.

Najua kuna watakaosema ni ushamba. Sawa. Mimi naona ndiyo maana ndoa yangu ina amani.

Turudi kwenye jeep.

Wiki tatu nilifanya kazi kama niliyelaaniwa. Nilifukuza kuku (mmoja alirudi mara nne, alikuwa na mayai yake). Nikamwaga oili iliyokuwa imeganda kama bukari, yaani ugali, ya jana. Nikabadilisha filta, mabomba ya mpira, betri, nikafunga breki upya, nikachomelea sakafu mahali ambapo ungeweza kuona barabara ukiwa umekaa. Nikashusha tanki la mafuta, nikalisafisha mpaka nikajiona ndani yake.

Halafu nikafika kwenye kifuniko cha tanki. Sisi tunaita bushoni.

Nikakuta ina kitundu katikati, kidogo, mtu kakitoboa kwa mkono. Juu yake limefungwa tambara chafu kwa waya. Nikacheka. Nikamwonyesha jirani yangu, nikamwambia, "Ona kazi ya wazee. Bushoni imetoboka, wamefunga na kitambaa!"

Mnaoijua Kolwezi mnajua vumbi letu. Magari yanayotoka upande wa mashimo ya madini ya Mashamba yanaleta vumbi linaloingia kwenye chai, kwenye masikio, kwenye kabati lililofungwa kwa funguo. Nikasema, vumbi halitapita hapa. Tambara nikatupa. Kitundu nikakiziba kwa gundi ya chuma. Chini nikaongeza mpira niliokata kwenye tyubu ya tairi, ukabana vizuri. Bushoni ikawa inafunga kama sufuria ya mchawi.

Nilikuwa na fahari nayo kuliko injini yenyewe.

Test drive nilifanya kuzunguka Manika, dakika ishirini. Jeep inaunguruma, watoto wanakimbia nyuma, mimi mkono nje ya dirisha. Confidence imejaa mpaka inamwagika.

Tukaondoka Alhamisi asubuhi, kiangazi, tanki limejaa hadi mdomoni. Mimi kwenye usukani, Clarisse pembeni yangu, mama mkwe nyuma na gunia la unga, sabuni, chumvi, na kikwembe kipya, yaani kitenge, cha kumpa dada yake.

Tatizo la kwanza: kioo cha ndani. Nikiangalia nyuma, namwona mama mkwe usoni. Haiwezekani. Clarisse akakigeuza kikaangalia dari. Kwa hiyo wakuu, safari nzima nilijua hali ya dari letu kuliko hali ya barabara nyuma yangu.

Hatujafika Mutshatsha, jeep ikaanza kulegea. Ukikanyaga mafuta haipandi. Ikakohoa, ikazima kwenye kilima.

Sikuwa na wasiwasi. Nikafungua boneti, nikafungua filta ya dizeli, nikaipuliza, nikarudisha, nikatoa hewa kwenye bomba. Kama nusu saa hivi. Nikapiga start. Ikawaka!

Nikamwambia Clarisse, "Ilikuwa filtre. Uchafu kidogo."

Nyuma nikasikia mama anamnong'oneza binti yake. Clarisse akanigeukia:

"Mama analomba kujua kama uligusa bushoni ya baba."

Mimi moyoni nikasema, masikini, ni ujane huo. Kifuniko alichokishika mume wake kila siku, leo kakikumbuka. Nikajibu kwa upole kabisa:

"Mwambie mama asiwe na mashaka. Niliitengeneza vizuri, inang'aa."

Kimya nyuma. Nikadhani ni kimya cha shukrani.

Tumepita Mutshatsha, saa moja na kitu baadaye, hadithi ni ile ile. Ikalegea, ikakohoa, ikazima. Safari hii nilikuta pampu ya mkono iliyo juu ya filta ukiibonyeza inabaki chini, hairudi. Nikasema, aha, huyu ndiye mchawi. Nikaifungua, nikaipaka oili, nikabadilisha ka-ringi ka mpira. Dakika arobaini. Start. Ikawaka!

"Ilikuwa pompe," nikasema, na safari hii nikaongeza sauti ili nyuma kusikike.

Mama akanong'ona tena. Clarisse:

"Mama anasema, na kale katambara kalienda wapi?"

Nikaona aibu kidogo. Nikadhani ilikuwa kumbukumbu ya marehemu, leso yake labda. Nikasema, "Mwambie mama anisamehe, kalikuwa kachafu, nilikatupa. Tutamtafutia picha nzuri ya baba, tuiweke kwenye fremu."

Clarisse aliniangalia kwa namna fulani lakini akafikisha ujumbe. Nikasikia mama anavuta pumzi ndefu. Tukaenda hivyo mpaka Kasaji, tukalala kwa watu wa kanisa.

Kesho yake, njia ya kwenda Sandoa, ilizima mara ya tatu.

Hapo sasa nilifungua vyote. Filta, pampu, mabomba, nyaya ambazo hazihusiki. Nikalala chini ya gari. Jua limesimama juu ya vichwa, hakuna mti, ni majani makavu na mchanga. Clarisse aliacha kuniuliza kitu, na mke akiacha kuuliza mjue hali ni mbaya.

Akapita mtu wa pikipiki. Clarisse akaongea naye, kisha akaja akainama, akaniambia huku nikiwa chini:

"Mi naenda kijiji ya mbele. Kuko lori inarudia Kolwezi, ule muntu anasema. Nitaomba bamuweke mama kwa cabine. Arudie nyumba. Sisi tutaona na hii motokari yako."

"Na yaya yake, ule dada wa Musumba?"

Alijifunga kikwembe vizuri. Akapanda pikipiki, akaenda.

Wakuu, sitaficha, nilitaka kulia chini ya lile gari. Mtu alikuwa anasubiri Musumba na macho yanayoisha. Mama huyu akirudi Kolwezi leo, harudi tena barabara hii. Na aliyemwahidi ni mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya watu.

Nikawa nimelala pale, spana mkononi, sijui hata nifungue nini.

Ndipo nikaona miguu. Miguu ya mama mkwe, na viatu vyake vya plastiki, imesimama karibu na gurudumu la nyuma. Nikafumba macho haraka, nikadhani ananyoosha nyonga.

Kisha nikasikia bati linapigwa, pa, pa, kama mtu anayebisha hodi. Na sauti:

"We jeep. Mi niko naongea na we. Siko naongea na muntu."

Nikaweka spana chini.

"Unanijua. Mi na bwana yangu tulikutembeza miaka mingi. Alikuachiaka katundu ka kupumulia, na mi njo nilipasua kikwembe yangu nikafunga pale juu, vumbi isiingie. Sasa huyu muntu mwenye kulala chini yako alikufunga kinywa na pua. Umwambie afungule bushoni, asikie."

Wakuu, mila ni mila. Mimi siwezi kumjibu mama mkwe. Lakini jeep naweza kuijibu, jeep si mkwe wangu. Nikasafisha koo, nikasema nikiangalia gearbox:

"Jeep, umwambie mama, bushoni iko muzuri. Pompe njo iko na bugonjwa."

"Jeep, umwambie, pompe haina bugonjwa. Iko navuta, tanki inakosa mupepo. Kila mara akiishia kuchokora, we unawaka sababu ulipumzika, mupepo iliingia kidogo kidogo. Hapana sababu ya akili yake."

Hilo la akili jeep ingeweza kuniachia.

"Jeep," nikasema, sasa sauti imeshuka, "mama alijulia wapi mambo ya pompe?"

"Jeep, umwambie miaka makumi tatu nilikamata torche, bwana yangu yuko chini yako. Kila boulon yako, mi njo nilimupatia spana yake. Hakuna siku huyu muntu alilomba."

Kweli, sikuwahi kuuliza. Ningeuliza vipi? Lakini pia, wakuu, tuseme ukweli, hata kama mila ingeruhusu nisingeuliza. Nilimwona mama wa unga sokoni, basi.

Nikatoka chini kinyumenyume, mgongo wangu kwake, uso kwenye majani. Nikatembea kama kaa mpaka kwenye tanki. Nikashika bushoni, nikazungusha.

Fyuuuuuuuuuu.

Ilivuta hewa ndefu, mpaka nikadhani haitaisha. Bati la tanki lililokuwa limevutwa ndani likagonga, ding, linarudi mahali pake. Nikaenda kwenye pampu ya mkono, nikabonyeza. Ikarudi juu kama mpya.

Nilikuwa nahisi joto masikioni, na si la jua.

Nikachukua msumari na nyundo, nikatoboa gundi yangu niliyoisifia wiki nzima, pamoja na mpira wa chini yake. Nyuma yangu nikasikia kitambaa kinapasuka. Mama alikuwa amechana ukingo wa kikwembe alichovaa. Akakiweka juu ya tanki, akarudi nyuma hatua tatu, akageuka pembeni. Nikakifunga na waya juu ya kitundu, vile vile kama marehemu.

Nikapiga start. Ikawaka, ikanguruma bila kukohoa.

"Jeep," nikasema, "umwambie mama aksanti. Na anisamehe."

"Jeep," akajibu, na nikasikia anacheka, "umwambie apande, tuende."

Muda huo huo Clarisse akarudi na pikipiki. Lori la kurudi hakulikuta, lilikuwa limeshaondoka kwa njia nyingine. Akatukuta mume wake anainamia boneti, mama yake ameangalia porini, wote wawili tunaongea na gari. Akashuka polepole, akatufikishia chupa ya maji, akasema:

"Mukunywe kwanza. Jua iliwapiga."

Tangu hapo jeep haikuzima tena. Sandoa tulipita. Mchanga, madaraja ya magogo, yote tulipita. Na kila nilipotaka kubadili gia vibaya, nyuma ilisikika sauti: "Jeep, umwambie apunguze." Nikapunguza. Nimeendesha miaka kumi na tano, siku ile ndiyo nilifundishwa kuendesha mchangani.

Musumba tuliingia Jumamosi, asubuhi bado. Dada mtu alikuwa ameketi kwenye kiti mlangoni, mdogo, amefunga kitambaa cheupe. Mama alishuka peke yake, akakataa kushikwa, akaenda na ile nyonga yake mpaka pale, akapiga magoti.

Mimi niligeuka kuangalia jeep, kama mila inavyotaka. Kwa hiyo sikuona, nilisikia tu, na Clarisse kanisimulia yaliyobaki.

Dada alimshika kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga. Huku, kisha huku. Akarudia tena, mpaka mpwa akaanza kukohoa. Clarisse anasema alimwona mama yake anatetemeka mabega, kwa sababu alidhani tumechelewa.

Kisha yule bibi akasema:

"Eh, mudogo yangu! Ulizeeka mubaya! Na lile lino ya mbele, lilienda wapi?"

Jino hilo liling'oka mwaka juzi. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Mama mkwe alipiga kelele, "Anaona! Clarisse, ananiona! Anaona!" Wakakumbatiana wanacheka, kisha wakawa wanalia, kisha tena wanacheka, wanahesabiana mikunjo na mvi hadi chakula kikapoa. Mimi nilikuwa nimeegemea boneti ya moto, mgongo kwao, machozi yananitiririka, nikijifanya naangalia radieta.

Mvua za kwanza zilipoanza, mpwa alituma sauti nyingine. Macho ya bibi yamefunga kabisa. Anasema usiku na mchana ni kitu kimoja sasa, lakini sura ya mdogo wake anayo, pamoja na pengo.

Sasa niseme nililojifunza, nisije nikaonekana nimewapotezea muda.

Mafundi wenzangu wa nyumbani: gari likiwaka baada ya wewe kuligusa, usijipigie makofi haraka. Mimi nilijipigia mara mbili, na makofi hayo ndiyo yalitaka kumrudisha mama yule Kolwezi. Na ukikuta kwenye gari la mzee kitu cha ajabu, kitundu, waya, tambara, kabla hujakitupa tafuta mtu aliyekuwa anashika tochi. Yupo. Mara nyingi ni mama wa nyumba, na hakuna anayemuuliza.

Uwanja ni wenu wakuu. Nani mwingine alishawahi kuharibu gari kwa kulitengeneza vizuri sana? Semeni ukweli, nisiaibike peke yangu. Na wenye ujuzi wa dizeli, mama mkwe kaagiza niwaulize, kupitia kwa Clarisse: ringi za pampu za ukubwa ule mnapata wapi? Ile niliyoweka mimi anasema ni takataka.